Barua kwa mwanangu: Yule mama wa kwenye filamu

Mwanangu Salma,

Salamu zako zimefika, na baba yako anashukuru kwa picha za Praha. Umeniuliza yule aliyecheza Lakmé, mke wa mchoma maiti, katika filamu ya Kicheki Spalovač mrtvol (Mchoma Maiti) alipotelea wapi, maana umetafuta filamu zake za miaka iliyofuata na hukuambulia kitu.

Huyo ni Vlasta Chramostová, mzaliwa wa Brno, 17 Novemba 1926. Kuanzia 1950 alitamba miaka ishirini katika ukumbi wa Vinohrady hapo hapo Praha. Filamu hiyo ilitoka 1969. Bila shaka umeona pale mumewe, mchoma maiti, akishaambiwa na Wanazi kwamba mke ana damu ya Kiyahudi, anavyomwekea kitanzi bafuni kwa upole ule ule anaochania nywele za maiti. Rudia kuitazama: yule kahaba ambaye mume humwendea ni Chramostová huyo huyo. Kamera alishika Stanislav Milota, ndiye mume aliyezeeka naye. Milota ndiye pia aliyerekodi mazishi ya Jan Palach, yule mwanafunzi aliyejichoma moto kupinga uvamizi wa Wasovieti.

Vifaru vya Wasovieti vilikuwa vimeshaingia Chekoslovakia tangu Agosti 1968, naye hakukubali kuvipigia magoti. Ukumbi wa mwisho aliokuwamo Praha, Divadlo za branou, serikali iliufunga 1972. Sinema na televisheni nazo zikamfungia milango. Ndiyo maana humwoni.

Lakini kuigiza hakuacha, mwanangu. Mwaka 1976 alianza kuigiza sebuleni kwake, kwanza akisimulia kumbukumbu za mshairi Jaroslav Seifert, aliyekuja kupata Nobel 1984. Baadaye akatia saini Charta 77, lile tamko la kuitaka serikali iheshimu haki za binadamu. Mwaka 1978 mwandishi Pavel Kohout, naye kapigwa marufuku, akaikata Macbeth ya Shakespeare ikawa ya waigizaji watano tu: Pavel Landovský ndiye Macbeth, Chramostová mkewe, na kijana Třešňák na gitaa lake. Ukiwa na sebule na wageni wa kuaminika, walikuja kwako. Hebu fikiria hadithi ya mtu aliyepora kiti cha enzi ikichezwa chumbani, huku askari kanzu wakiwaandama watazamaji! Tom Stoppard, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alipopata habari hizo aliandika mchezo wake wa 1979 ambamo mpelelezi anaingia hadi ndani ya nyumba.

Usimfanye malaika, lakini. Miaka ya 1950 alikubali kuwapasha habari polisi wa siri, na habari hiyo aliitoa mwenyewe. Baba yako anasema hilo linafuta mengine yote. Mimi sikubaliani naye. Wangapi walifanya hivyo wakafa kimya? Tena alishamzika mwanawe aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1963. Hapo sina la kuongeza.

Wanafunzi walipoandamana Praha 17 Novemba 1989, ilikuwa siku aliyotimiza miaka 63. Utawala wa kikomunisti ukaanguka, akarudi jukwaani, safari hii Ukumbi wa Taifa, na 1998 Rais Havel akamtunuku nishani ya Masaryk. Milota alifariki Februari 2019, naye Oktoba mwaka huo huo.

Ile Macbeth ya sebuleni Milota aliirekodi. Uliza kwenye maktaba ya chuo chenu. Ukiipata, kaa na ile Makbeth, tafsiri ya Kiswahili ya Mushi niliyokufungashia, ufuatilie maneno, kisha uniandikie huyo Landovský alikuwaje.

Mama yako