Barua kwa mwanangu: Micheaux hela aliitoa wapi

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona juzi usiku, unauliza yule Oscar Micheaux, mtengeneza sinema mweusi wa Marekani niliyekutajia kwenye simu, hela ya muvi yake ya kwanza aliipata wapi, maana wewe kila unapobisha hodi kutafuta hela ya muvi yako unaambiwa acha namba utapigiwa.

Jamaa kazaliwa Illinois 1884, baba yake alizaliwa mtumwa. Akafanya upota kwenye mabehewa ya Pullman, yale ya treni ya kulala, akadunduliza, akaenda kushika shamba South Dakota ambako majirani karibu wote wazungu. Ukame ukampiga, ndoa ikavunjika, shamba likaenda. Akakaa akaandika riwaya za maisha hayohayo akawa anaziuza mwenyewe mlango kwa mlango.

Sasa hapa ndo penyewe. 1918 kampuni moja ya watu weusi ikataka kuifanya riwaya yake, The Homesteader, iwe sinema, akasema sawa ila dairekta ni mimi. Na hajawahi kupiga hata sekunde moja ya picha! Wakakataa, naye akawaambia basi bakini na kampuni yenu, akafungua yake, akarudi kwa wakulima wa upande wa Sioux City, mji wa jimbo la Iowa, wengine walishanunua vitabu vyake, akawauzia hisa dola 75 mpaka 100 moja. Hebu fikiria mkulima mzungu wa enzi zile anamhesabia mtu mweusi noti za sinema ambayo haipo. Ila naye alishakuwa mkulima kama wao, jembe alikuwa analijua. Februari 1919 muvi ikaonyeshwa Chicago, mikanda minane ya filamu.

Baadaye akawa anapita kwenye majumba ya sinema na picha za waigizaji na stori mkononi, mwenye jumba anatoa advansi, ndo anaenda kupiga. Ikiisha, mikebe ya filamu anaizungusha mwenyewe mji kwa mji. Na hela ikiwa ndogo kipande kinapigwa mara moja tu, kwenye zile za sauti mtu akijikwaa maneno inapita hivyohivyo, kuna mahali mimi nacheka kabisa siwezi kukudanganya.

Within Our Gates ya 1920 usicheke lakini. Inaonyesha watu weusi wakinyongwa na kundi la wazungu, na bodi ya kukagua sinema ya Chicago iliikataa kwanza, maana ghasia za 1919 za wazungu na weusi mjini humo zilikuwa bado mbichi. Ikapotea miaka na miaka, kopi ikaja kuonekana Hispania na maandishi ya Kihispania, ikabidi yarudishwe Kiingereza upya.

1928 alifilisika, 1931 huyo karudi na ya sauti, The Exile. Mpaka anafariki 1951 muvi zilishapita 40.

Sasa ile stori yako ya wavuvi umeshaiandika yote au bado iko kichwani? Wale wateja uliokuwa unawauzia mitumba namba zao si unazo bado, anza nao hao. Mimi nachukua hisa ya kwanza, laki moja, ila risiti naitaka.

Baba