Jibu: namna ya kuthibitisha kwa mkono kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa

Ndugu uliyeuliza kama mtu anaweza kuthibitisha bila kompyuta kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa, inawezekana. Mimi niliifanya kazi hiyo kwa kikokotoo cha tarakimu kumi na daftari la kaunta.

Mara ya kwanza nilianza vibaya. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kwa kuwa kipeuo cha hii hakifiki 46,341, niliorodhesha namba tasa kuanzia 3 na kugawa kwa moja baada ya nyingine, na baada ya jioni tatu nilikuwa sijafika hata 2,000. Mambo yalifunguka nilipoiandika 2³¹ − 1.

Chukua namba tasa q inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake, 2³¹ ikigawanywa kwa q inabaki 1, na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, hakuna kipeo kidogo zaidi kinacholeta baki hiyo. Kwa kanuni ndogo ya Fermat, kipeo q − 1 nacho huleta baki ya 1. Kwa hiyo lazima 31 iigawe q − 1, na kwa kuwa q ni witiri, 62 nayo huigawa. Sharti la pili ndilo ninalolipenda zaidi: 2³², ambayo ni mraba wa 2¹⁶, huacha baki ya 2, na namba tasa ya witiri ambayo mraba fulani huiachia baki ya 2 lazima yenyewe iache 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti hayo, q haina budi kuwa 248k + 1 au 248k + 63.

Chini ya 46,341, ukiiondoa 63, namba za sura hizo ni 372 tu. Mwanahisabati Leonhard Euler alipita njia hii mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Nyingi zinaanguka zenyewe: 249 ni 3 × 83, na 497 ni 7 × 71. Tasa ya kwanza ni 311, ambayo hutoa 6,905,092 baki 35. Inayofuata ni 1,303, baki 226. Nilifika mwisho bila kukutana na baki ya sifuri hata mara moja.

Mwenzetu aliyesema katika mjadala huu kwamba 2 ikipewa kipeo tasa chochote, kisha ukatoa 1, hutoa namba tasa, amekosea: 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Tazama pia kwamba 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1, kanuni ileile.

Ipo pia njia ya wanahisabati Lucas na Lehmer ya kupima namba za aina hii: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ya kugawanya kwa 2³¹ − 1, na rudia mara 29 hadi upate sifuri. Hiyo usiifanye kwa kikokotoo kama changu, kwa sababu miraba yake hufika tarakimu 19.