Kashata umeila wewe, si mtoto

*Shangazi, naishi Chikongola, Mtwara. Mwanangu ana miaka minne. Niliona kwenye simu mtoto akipimwa subira, nami nikajaribu. Baada ya chakula cha mchana nilimwekea kashata moja, nikamwambia akiingoja nirudi nitampa mbili. Nikatoka kidogo kwa jirani. Narudi, adhana ya alasiri inalia, kashaila. Nikamchapa. Mama mkwe kanisema mbele ya mume wangu, naye kanyamaza. Mtoto huyu hana subira, hata baiskeli aliyoahidiwa na baba yake msimu wa korosho uliopita bado anaililia. Ajabu, kwa bibi yake anangoja ming'oko iive bila kelele. Nifanyeje?*

Pole, kusemwa mbele ya mume kunauma. Lakini mkweo kasema kweli, na mumeo kanyamaza kwa sababu baiskeli inamsuta.

Kutoka mchana hadi alasiri ndiyo "kidogo"? Hicho kipimo kilianzishwa na Walter Mischel huko Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Watoto walingoja dakika 15 basi, na mezani palikuwa na kengele: ukichoka unaigonga, mtu anakuja, unakula kimoja chako. Wewe wa kwako ulimpa kengele gani? Ukamwongezea na fimbo!

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, hukohuko Marekani, walichukua watoto 28. Kwanza waliwaahidi vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu wakaletewa, nusu wakaambiwa samahani, havipo. Kisha wakawekewa peremende. Waliotimiziwa walingoja kama dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Mwanao anangoja baiskeli tangu msimu uliopita, halafu unamwambia kashata ya pili inakuja. Aiamini kwa lipi?

Siku hizi ndiyo tunavyolea, mama. Mtoto akilia, baba anaahidi, mama anaahidi, mradi anyamaze. Sisi tunasahau saa hiyohiyo. Yeye analala nayo, anaamka nayo.

Subira anayo. Umeandika mwenyewe kwamba kwa bibi yake anangoja. Basi muombe radhi kwa ile fimbo. Mumeo naye akae na mwanawe amwambie kama baiskeli ipo au haipo. Kama pesa ya korosho iliishia kwenye madeni, aseme hivyohivyo.

Kisha nenda kwa mkweo siku anapochemsha ming'oko, ukae naye jikoni. Mtazame anavyofunua sufuria, anabonyeza mmoja, anasema "bado, mjukuu wangu," anafunika. Ikiiva anaumenya wa kwanza, anaupuliza upoe, anamtia mkononi yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.