Mtu Mzima na Padi Mkononi: Usiifiche Kabatini

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja. Ana miaka 38, ana kazi yake, na juzijuzi amejinunulia, kwa pesa yake mwenyewe, Nintendo Switch: konsoli, yaani mashine ya gemu za video inayochomekwa kwenye runinga na kuchezwa kwa padi ya mkononi. Kinachomsumbua si mchezo. Kila mgeni anayeiona pale chini ya runinga huambiwa ni ya mtoto wa dada yake. "Naona aibu kusema ni yangu," aliandika. "Nifanyeje?"

Niliurudia ujumbe ule mara tatu. Aibu hiyo naijua, nimeishi nayo, na ilikaribia kuniharibia nyumba.

Konsoli ya PlayStation 2 ilipotoka mwaka 2000 nilikuwa na miaka 16. Yangu niliipata miaka kadhaa baadaye, kwa mshahara wa kwanza, na ndicho kitu cha kwanza cha maana nilichowahi kununua kwa jasho langu. Nilikuwa na memori kadi moja ya megabaiti 8, ya kuhifadhia pale nilipofikia kwenye gemu, niliyoiandikia jina kwa kalamu. Ndani yake kulikuwa na misimu tisa ya ligi: timu niliyoichukua daraja la chini nikaipandisha mpaka ubingwa, mchezaji mmoja mmoja. Nikitoka kazini nilicheza mechi mbili, nikala, nikalala. Sikumdhuru mtu.

Mwaka 2011, mwezi mmoja kabla ya kuoa, mjomba wangu alinikuta sebuleni nikicheza. Alisimama mlangoni, akatikisa kichwa, kisha akasema mbele ya mchumba wangu, "Mtu mzima hovyo." Maneno matatu tu. Kesho yake niliiuza. Niliifunga nyaya zake vizuri, nikaikabidhi, na nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba memori kadi nimeiacha imechomekwa humohumo. Misimu tisa ikaenda na mashine. Mpaka leo nikisimulia hili koo hunikaba, na sioni sababu ya kujidai kwamba yamepita.

Miaka tisa sikugusa padi. Nilijiambia nimekua. Ukaja mwaka 2020, tukafungiwa majumbani, nikanunua PlayStation 4 iliyotumika na kuiingiza ndani usiku kama mali ya wizi. Niliihifadhi kabatini nyuma ya mablanketi. Mke wangu akishalala naitoa, nachomeka, nazima sauti, nacheza hadi saa tisa usiku. Na kwa kuwa ilikuwa ya kuiba, sikuwa na kiasi. Anayekula mezani hujua ameshiba, lakini anayedokoa jikoni hula akisikiliza nyayo. Asubuhi nilikuwa mzigo. Siku moja niliingiza hesabu za mteja mmoja kwenye faili la mwingine, na nusura nipoteze kazi.

Alfajiri moja mke wangu alifungua kabati kutafuta blanketi. Aliweka kiganja juu ya mashine, bado ilikuwa ya moto. Hakugomba. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda akauliza swali moja: "Unanificha nini kingine?"

Dada yangu, hapo ndipo nilipoelewa. Hakuumizwa na gemu hata kidogo. Aliumia kwa sababu usiku kwa usiku nilimngoja asinzie ili niwe mtu mwingine. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: usifiche. Ukiificha huwezi kuiwekea saa, huwezi kumwalika mtu, na yeyote mwenye jicho jema hawezi kukuambia "sasa imetosha".

Tena unaficha nini hasa? Aliyekuwa na miaka 10 PlayStation ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1994 leo amevuka 40. Sisi ndio watoto wale wale, ila sasa tuna mishahara, na watengenezaji wanalijua hilo kuliko mjomba wangu. Mwaka 2016 Nintendo walitoa upya mashine yao ya miaka ya 1980 ikiwa ndogo ya kutosha kukaa kiganjani, na gemu 30 zikiwa ndani yake tayari. Mtoto wa miaka minane hana cha kukumbuka pale. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye mvi zinazoanza. Na kabla ya hapo, Wii ya mwaka 2006 iliuzwa zaidi ya milioni 100, na ikaingia hadi kwenye nyumba za kutunzia wazee, ambako bibi na babu walisimama kurusha tufe la bolingi kwa kupunga rimoti. Hao nao ni hovyo?

Sasa niseme la faida, kwa sababu hili ndilo lililonibadilisha. Nina mdogo wangu anayeishi mbali. Simu zetu zilikuwa za sekunde arobaini: habari, nzuri, watoto, wazima, haya. Yeye naye alinunua konsoli, tukaanza kukutana mtandaoni kila Ijumaa, kila mmoja na hedifoni zake. Ijumaa moja, mechi ikiwa mapumziko, alinyamaza kwa muda, padi yake haigusi. Kisha akasema, "Kaka, kazini nimeachishwa. Mwezi wa pili huu." Alikuwa hajamwambia mtu. Kwenye simu asingelitamka, namjua. Lakini macho yakiwa kwenye skrini na vidole vina shughuli, mwanamume hupata pa kupitishia neno zito. Kipindi cha pili hatukukicheza. Tuliongea hadi saa sita usiku, uwanja umeganda mbele yetu.

Kwa hiyo cheza na watu. Mke wangu sasa ana gemu zake za mafumbo, ananishinda zote, na konsoli iko sebuleni, mahali pa wazi.

Weka saa. Mimi ni siku mbili kwa juma, saa moja na nusu, Ijumaa nyongeza kidogo. Usiseme "nimalizie hatua hii tu", kwa sababu konsoli za siku hizi zina hali ya kupumzika: unailaza mashine katikati ya gemu, na kesho unaendelea palepale ulipoachia. Chagua kiwango rahisi bila kuona haya. Tumetoka kazini, hatukuja kuteswa. Maandishi yakiwa madogo, ingia kwenye mipangilio uyakuze. Usirundike gemu, maliza moja ndipo ununue nyingine. Na narudia: weka saa.

Hatari ipo, nisikudanganye. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji gemu kwenye orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022. Wanatazama kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imetangulizwa mbele ya kila kitu, na kama anaendelea hata anapoona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 au zaidi. Mimi wakati wa kabati nilikuwa naelekea huko. Aliyenirudisha ni mke wangu, na aliweza kwa sababu aliigusa ile mashine ikiwa ya moto.

Dada yangu, mwite dada yako leo umwambie ni yako. Fanya hivyo kabla mtoto hajasikia kwamba ana Switch kwa mama mdogo, akaja na begi kuichukua.