Swali la Lugha: Kuzaliwa nao si kurithi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninatafsiri kijitabu cha afya chenye sura tatu. Kichwa niliandika: "Magonjwa ya kuzaliwa nayo, ya mfumo wa neva na ya afya ya akili." Mhariri amenirudishia rasimu ikisomeka: "Magonjwa ya kurithi, ya ubongo na ya vichaa." Anasema yangu yalikuwa maneno mengi bila sababu. Tena kifafa, usonji (autism) na hali ya Down (Down syndrome) ameviweka vyote katika sura ya akili. Nani kati yetu kakosea?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako kafupisha kweli, ila kila neno alilolitoa lilikuwa na kazi yake. Tuanze na lile linaloweza kuvunja nyumba za watu, yaani "kurithi".

Mtu hurithi shamba, hurithi jina, hurithi pua ya babu yake. Lazima awepo aliyekuwa nacho kwanza, akakupa. "Kuzaliwa nao" hakusemi nani alitoa. Kunasema tu kwamba mtoto alipotoka, tatizo lilikuwepo. Mama akipata rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na uziwi au moyo wenye tundu. Amezaliwa nao, hakuurithi. Mgongo wazi nao hutokea pale mfereji wa neva wa kijusi, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unaposhindwa kujifunga, na kazi hiyo ya kujifunga huwa imekwisha kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wanawake wengi wakiwa hawajajua hata kama ni wajawazito. Ndiyo maana asidi ya foliki hushauriwa kuanzwa kabla ya mimba. Kinyume chake pia kipo. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, hurithiwa kwa jeni, lakini dalili zake kwa kawaida huanza mtu akiwa na umri wa miaka 30 hadi 50. Siko seli ndiyo inayostahili maneno yote mawili.

Sasa mpe mzazi wa mtoto mwenye Down kijitabu kinachosema "magonjwa ya kurithi". Jioni hiyohiyo kikao cha ukoo kitaanza kutafuta ni upande wa nani. Na jibu, mara nyingi, ni kwamba si upande wa yeyote: seli ilipogawanyika, kromosomu ya 21 (kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) ilizidi moja, mtoto akawa na 47 badala ya 46. Jambo hilo linajulikana tangu 1959. Aina inayorithiwa ipo, lakini ni chache sana. (Kwa kuwa umeitaja: Down ni jina la mtu, daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza hali hiyo mwaka 1866. Herufi kubwa ibaki, na asitokee wa kuitafsiri "ugonjwa wa chini".)

Hapohapo nikupongeze kwa "nayo". Wengi huiangusha, au huikwamisha palepale hata ngeli ikibadilika, ndipo tunaposikia "ugonjwa wa kuzaliwa nayo". Ifuate nomino: ugonjwa wa kuzaliwa nao, magonjwa ya kuzaliwa nayo, tatizo la kuzaliwa nalo, kilema cha kuzaliwa nacho, kasoro za kuzaliwa nazo. Utaniuliza, mbona tunasema "kipofu wa kuzaliwa" bila kiambatisho chochote na sentensi haichechemei? Kwa sababu aliyezaliwa ni kipofu mwenyewe. Ugonjwa haukuzaliwa, kuna mtu aliyezaliwa nao.

Nimeitaja kasoro, nami nina kinyongo nayo kidogo. Ni neno lilelile la saa mbili kasoro dakika kumi, la kitu kilichopungukiwa. Kasoro ya valvu ya moyo, sawa, kinachosemwa ni valvu. Ila "mtoto mwenye kasoro" humfanya aonekane kama mtu aliyebakiza robo ili atimie. Hitilafu ndiyo usiiguse kabisa, waachie mafundi umeme.

Kuhusu "ubongo", mhariri amelifinya jambo. Mfumo wa neva ni ubongo, uti wa mgongo na neva zote zinazosambaa hadi vidoleni. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo ana tatizo la neva, na ubongo wake mzima. Wazee wetu wa tafsiri walisema "mishipa ya fahamu", na wasomaji wengi bado wanaitambua, kwa hiyo itaje mara moja pale mwanzo. Usiitegemee zaidi ya hapo: mshipa ni wa damu pia, na wako wanaoita hata ngiri mshipa. Fahamu nayo humpeleka msomaji kwa mtu aliyezimia.

Kifafa kinakaa humo, kwenye neva. Ni umeme wa ubongo unaofumka kupita kiasi kwa muda mfupi. Maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Hippocrates, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, yalikwisha kukataa kwamba ugonjwa huo una uungu kuliko magonjwa mengine, yakaonyesha kidole ubongo. Kiswahili chetu kilichelewa kidogo: degedege la watoto lina "dege" ndani yake, mdudu kama nondo aliyedhaniwa kuleta nuksi kwa mtoto. Neno tumebaki nalo, nondo tumemwachilia.

Tufike kwenye akili, ambako ndiko kwenye mzigo mzito. Neno hili tumelibebesha mambo mawili. Ukisema fulani ana akili, umemsifu kwa werevu. Ukisema hana, umemtukana. Kwa hiyo "ugonjwa wa akili" ukitamkwa, sikio hukimbilia upungufu wa werevu. Mwenye sonona (depression) hakupungukiwa werevu hata chembe. Anaweza kukufundisha hesabu asubuhi na jioni ashindwe kuinuka kitandani. Upungufu wa uwezo wa kujifunza na kujimudu unaoanza utotoni una jina lake, ulemavu wa akili, nao si ugonjwa wa akili. "Afya" yako ndiyo inayoiondoa akili kwenye chumba cha mtihani na kuiweka pamoja na mwili. Irudishe.

"Magonjwa ya vichaa" kisarufi ni kama magonjwa ya kuku: yanayowapata vichaa. Mafua je? Kichaa umoja kinaweza kuwa ugonjwa, kama kichaa cha mbwa, ambacho ni virusi. Vichaa ni watu, na ni tusi. Wazimu ni ndugu wa mizimu, majinuni ana jini tumboni. Maneno hayo yana nafasi kwenye hadithi, si kwenye kijitabu cha kliniki.

Katika usonji, hata hivyo, mhariri ana pa kusimamia. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inauweka katika sura moja na matatizo ya akili, tabia na ukuaji wa ubongo. Kwa hiyo uache alikouweka, ila mkatalie "anaugua usonji". Anayeugua tunamwombea apone. Huyu ana usonji, basi. Kifafa kihamie sura ya pili, Down irudi ya kwanza, na kichwa kibaki kama ulivyokiandika.