Aliyeniambia ukweli nilimweka mwisho wa foleni

Juzi usiku kijana anayesomea utabibu wa meno aliniandikia kutoka Masasi: "Shikamoo dokta. Nimejichoma na sindano ya ganzi, mgonjwa ana VVU. Nimekwisha?"

Hujakwisha, mdogo wangu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usimwagie spiriti. Nenda usiku huohuo ukaanze dawa kinga. Mwisho ni saa 72, ila usizingoje. Utazimeza siku 28.

Sasa sikia yangu. Nilikuwa Lindi, mgeni kazini, msimu wa korosho, foleni hadi nje. Mama mmoja wa Mingoyo, gego limeoza, akaninong'oneza: "Dokta, mimi natumia dawa za CTC," yaani kliniki ya wanaoishi na VVU. Nikamwambia asubiri. Alisubiri tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, pindo la kanga kalikandamiza shavuni. Nilipomwita nilivaa glavu mbilimbili, na koleo lake nikaliloweka kwenye ndoo ya peke yake. Mvuke wa kuulia vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15, hauulizi koleo limetoka kinywani mwa nani. Hilo nililijibia mtihani nikapata alama zote!

Kesho yake akaja mfanyabiashara wa korosho, mzima wa afya, kwa maneno yake. Glavu moja, haraka haraka, nikafunika sindano kwa mikono miwili. Ikaniingia kidole gumba. Nikamwomba apime, akachukua kofia yake akaondoka.

Nikameza dawa siku 28, kichefuchefu hata samaki simtaki. Mwenzangu mmoja kazini akakibandika kikombe changu plasta ili kisichanganywe na vingine. Miaka imepita, majibu yalikuwa salama, lakini ile plasta bado inaniuma.

Ndiyo maana nawagombeza vijana wangu hapa Mtwara, na wananiogopa kwa hilo. Glavu, miwani na barakoa ni kwa kila kinywa. Mnajikinga kwa anayejitangaza, wengine wote mnawaachia mkono wazi! Sindano usiifunike kwa mikono miwili. Itupe kwenye boksi lake. Narudia, usiifunike. Na chanjo ya homa ya ini B umepata? VVU huambukiza kama mara 3 katika kuchomwa 1,000. Homa ya ini B huambukiza kwa urahisi kuliko hapo.

Yule mama nilimwandikia kadi arudi baada ya wiki mbili, gego la pili nalo lilikuwa bovu. Hakurudi.