Ukifeli je?

Shikamoo Shangazi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, binti yangu alirudi hapa Ujiji. Mtihani wa kidato cha sita ukaanza Juni 29. Sasa tunangoja matokeo, binti hali wala halali usingizi, na baba yake humuuliza kila jioni, "Ukifeli je?" Nifanyeje?
Mama wa Ujiji

Marahaba, mwanangu. Baba aache swali hilo. Aache leo! Mtoto aliyejisomea peke yake miezi miwili na zaidi anaijua hofu hiyo kuliko sisi. Nenda naye mwaloni kununua dagaa, mzungumze mengine. Chuo atakitaja mwenyewe.

Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, maana Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo inakidai. Maombi ya udahili hupelekwa moja kwa moja vyuoni, tena kwa awamu: akikosa ya kwanza, aombe ya pili. Aombe zaidi ya chuo kimoja. Akichaguliwa viwili, athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho (wengi hujisahau hapo, inaniuma sana). Kozi mwachieni achague mwenyewe. Ninyi tafuteni ada ya maombi na nauli.